UZI: Fizi kuvuja damu, meno kulegea. Dawa zinafanya nini hasa ndani ya mfuko wa ufizi?

Tabibu wa Kinywa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mada za meno humu nazisoma siku nyingi bila kuchangia, lakini wiki hii nimeshindwa kunyamaza. Alikuja mama mmoja kliniki, akakaa kitini, na kabla sijamuuliza chochote akafungua pochi akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya metronidazoli, ile antibaotiki, ya dozi nne tofauti, hakuna hata moja iliyomalizika. "Kila fizi zikianza kutoa damu nakunywa viwili vitatu, zinatulia," akaniambia.

Nikachukua kipimo chetu, kile kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, nikakipitisha taratibu kando ya gego la chini. Ufizi wenye afya hukizuia kwenye milimita 1 hadi 3. Kwake kilizama mpaka 7, na kilipotoka damu ikafuata. Jino nililishika kwa vidole viwili likacheza. Vidonge vilikuwa vinamtuliza kweli, na muda wote huo mfupa ulikuwa unaondoka.

Naomba tuzungumze taratibu kuhusu dawa za fizi: zinagusa nini, zinaacha nini, na kwa nini nyingine zinapewa watu bila hata nia ya kuua bakteria. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niipende kazi hii, nitalifikia.

Kwanza chanzo. Ule utando laini unaoukwangua kwa kucha kwenye jino ni ukoga. Ni bakteria walioshikana, wakajijengea kitu kama gundi ya kuwafunika. Ukiachwa hunyonya madini ya mate ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauna la kufanya tena. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote fizi zilikuwa zimeshakuwa nyekundu na kuvimba. Waliporudi kwenye usafi zikapona ndani ya wiki moja hivi. Hali hiyo ya wekundu, uvimbe, joto na kutoa damu kirahisi inaitwa mchochota, na nitalitumia neno hilo uzi mzima.

Sasa, kuna watu ambao mchochota wao hauishii juu. Unashuka chini kufuata mzizi, ufizi unaachana na jino, panabaki mfuko, na mfupa unaoshikilia jino unapungua. Swali lililowasumbua wataalamu muda mrefu ni kwa nini huyu na si yule. Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka, kuanzia 1970 hadi 1985. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, wala hawakuwa na huduma ya meno. Ukoga walikuwa nao wote, ugaga pia. Kumbe asilimia 8 hivi ugonjwa ulikwenda mbio, asilimia 81 ulikwenda kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 haukuvuka fizi kabisa, mfupa wao ukabaki salama.

Uchafu uleule, hatima tatu. Maana yake kuna kitu ndani ya mwili wa mwenyewe kinachoamua. Nawahi mgonjwa, nitarudi kuendelea.

---

Subira Njema

Nimekaa mkao wa kula, daktari. Hilo la asilimia 11 limenishangaza. Yaani mtu hapigi mswaki maisha yake yote na mfupa hauliwi?

---

Jino la Mwisho

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Mimi mwaka juzi ufizi ulivimba hadi shavu, homa juu, usaha unatoka. Nikapewa antibaotiki na ndani ya siku mbili nikawa mtu tena. Kwa hiyo si sahihi kuwaambia watu dawa hazisaidii.

---

Tabibu wa Kinywa

Subira, ndiyo, wapo. Ila hakuna anayeweza kujitazama kwenye kioo akajua kama yumo kwenye lile kundi dogo, na fizi zao nazo zilikuwa na mchochota vilevile.

Jino la Mwisho, kaka, hatupishani. Uliyoyapata wewe ni jipu. Usaha, homa, uvimbe unaosambaa: hapo antibaotiki ina kazi yake, na usaha wenyewe hutakiwa kutolewa. Na yeyote anayesoma hapa akapata uvimbe unaoshuka shingoni, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, asisubiri majibu ya uzi huu, aende hospitali saa hiyohiyo. Mimi naongelea ule ugonjwa wa polepole usiouma, unaotoa damu kidogo kwenye mswaki kwa miaka.

Kwenye ugonjwa huo bakteria hawaelei ovyo kama kwenye damu. Wamo ndani ya ile gundi yao, wamejibanza kwenye ugaga ulioshika mzizi. Kidonge kinapita kwenye damu, kinafika kwenye ufizi, kinawapunguza walio pembeni, mchochota unashuka, damu inakoma. Walio ndani ya utando wanaweza kustahimili kiwango cha dawa ambacho kingewamaliza mara nyingi kama wangekuwa peke yao. Dozi ikiisha, au kama kwa yule mama ikikatizwa kwenye kidonge cha tatu, wanarudi kwenye makao yaleyale. Ugaga haukwenda popote. Ndiyo maana kukwangua kunatangulia: tunaingia na vyuma au mashine ya mtetemo, tunauondoa ugaga mpaka chini kwenye mzizi, jino linabaki laini. Dawa yoyote nitakayoitaja kuanzia hapa ni nyongeza juu ya kazi hiyo.

Tuendelee na nani anayekula mfupa.

Bakteria wakikaa shingoni mwa jino, mwili unatuma chembe nyeupe za damu kupambana nao. Chembe hizo zimebeba vimeng'enya vya kukata nyama ili zipate njia ya kupita. Kimojawapo kinaitwa kolajenesi, na kazi yake ni kukata kolajeni, zile nyuzi imara zinazoufunga ufizi na jino kwenye mfupa. Kikitoka kidogo kwa siku chache ni sawa, nyama inajijenga upya. Vita vikikaa miaka, kinamwagika kila siku na nyuzi zinaisha haraka kuliko zinavyosokotwa. Wakati huohuo tishu zenye mchochota zinatoa kemikali, prostaglandini ikiwemo, zinazoziamsha chembe maalumu za kubomoa mfupa. Mwili unakuwa kama mtu anayechoma nyumba yake ili amtoe panya. Panya anahamia chumba kingine, na paa linaungua.

Bakteria ndio wanaoanzisha. Ila sehemu kubwa ya ubomoaji tunaifanya wenyewe. Ukishalielewa hili utaona dawa za fizi zina milango miwili: kuwapunguza bakteria, na kuutuliza mwili usijibomoe.

---

Mfamasia wa Zamu

Hapa umenigusa kwenye fani yangu, daktari. Umefika kwenye doksisaiklini? Maana najua unaelekea huko, na kuna jambo nitalazimika kuliwekea breki.

---

Tabibu wa Kinywa

Ndiko ninakokwenda, na breki zako nazihitaji.

Wakuu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, anaitwa Lorne Golub. Alikuwa akichunguza panya waliofanywa wawe na kisukari, akaona fizi zao zina kolajenesi nyingi kupita kawaida. Akawapa minosaiklini, antibaotiki ambayo ni ndugu wa tetrasaiklini. Kolajenesi ikashuka. Mtu yeyote angesema bakteria wamekufa, ndiyo maana. Basi wakarudia kwa panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja mwilini, wasio na bakteria wa kuuawa. Ikashuka vilevile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1983.

Naomba msilipite haraka hili. Dawa tuliyoizoea kama ya kuua vijidudu ilionekana inafanya kazi nyingine kabisa, ya kukizuia kimeng'enya cha mwili wenyewe. Baadaye wakaibadilisha tetrasaiklini kikemia mpaka ikapoteza nguvu zote za kuua bakteria, na bado ikaizuia kolajenesi. Sababu mojawapo ni kwamba vimeng'enya hivi haviwezi kukata bila madini ya zinki na kalsiamu, na tetrasaiklini ina tabia ya kuyang'ang'ania madini ya aina hiyo.

Kutoka hapo ikazaliwa tiba ya doksisaiklini, nayo ndugu wa tetrasaiklini, kwa dozi ndogo: miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa miezi 3 hadi 9. Kiwango chake kwenye damu kinabaki chini ya kile kinachoua bakteria. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa jina la Periostat, itumike pamoja na kukwangua meno. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa wa fizi anameza doksisaiklini miezi sita, usishangae. Hapigani na vijidudu kwa kidonge kile, anawatuliza wakataji wake mwenyewe.

---

Mfamasia wa Zamu

Ahsante. Sasa breki zangu.

Doksisaiklini iliyozoeleka ni ya miligramu 100. Ndugu zangu, msiifungue kapsuli ile mkaigawa unga mafungu matano mkidhani mmepata dozi ya fizi. Hamtaweza kuyapima sawasawa, na fungu likizidi mnaingia kwenye kiwango kinachowagusa bakteria bila kuwamaliza. Hapo ndipo usugu unapofundishwa. Usalama wa dozi ndogo uliopimwa kwenye tafiti ni wa kidonge kilichotengenezwa kwa kiwango hicho.

Na si dawa ya kila mtu. Mjamzito hapana. Mtoto chini ya miaka 8 hapana, tetrasaiklini huingia kwenye meno yanayoota yakatoka na rangi ya kudumu. Inaweza kuifanya ngozi iungue na jua kirahisi. Imezeni kwa maji ya kutosha mkiwa mmekaa au mmesimama, kwa sababu nimeshamhudumia mtu aliyeimeza kitandani kwa funda moja la maji, ikanasa kwenye umio ikamchubua, siku tatu hawezi kumeza hata mate. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi ya tumbo visigongane nayo, vinaifunga isifyonzwe.

Halafu swali la haki, daktari. Faida yake ni kubwa kiasi gani? Watu wanastahili kuambiwa.

---

Tabibu wa Kinywa

Swali zuri na jibu lake linanyenyekeza.

Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilikusanya tafiti mwaka 2015. Kukwangua peke yake kuliurudisha mshikamano wa ufizi na jino kwa wastani wa nusu milimita. Dozi ndogo ya doksisaiklini iliongeza milimita 0.35 juu ya hapo. Ni kitu kidogo, lakini kwenye jino lililobakiwa na milimita chache za mfupa si bure, na chama hicho kiliona inafaa kufikiriwa. Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi walikaa na ushahidi wao, na kwenye mwongozo wa 2020 wakashauri isitumike kama nyongeza. Waliitazama faida hiyo wakaipima na miezi mingi ya kumeza dawa.

Mimi nikiulizwa nasimama karibu na Ulaya. Mgonjwa wa kawaida anayeweza kusafisha meno yake vizuri na kurudi kwa miadi, simwandikii. Nimeona kukwangua kuliko makini kukifanya maajabu bila kidonge. Ila sitamlaumu mwenzangu anayempa mgonjwa aliyefanyiwa kila kitu sawasawa na mfupa bado unakwenda.

---

Mama Wawili

Daktari shikamoo. Mimi nina swali la mtu asiye mtaalamu. Kama tatizo ni mchochota, si ninywe tu ibuprofeni? Ni dawa ya kutuliza mchochota, imeandikwa hata kwenye karatasi yake.

---

Tabibu wa Kinywa

Marahaba, mama. Wazo lako walilifikiria watafiti wakubwa, na halikuwa wazo baya hata kidogo.

Prostaglandini niliyoitaja juu, inayoamsha wabomoaji wa mfupa, inatengenezwa kwa njia ileile inayozibwa na ibuprofeni na ndugu zake. Mwaka 1989 kundi la watafiti Marekani lilichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa flurbiprofeni, ya familia hiyohiyo. Kasi ya kupotea kwa mfupa ilipungua kweli. Shida ni kwamba faida ilififia kadiri muda ulivyokwenda, na walipoacha dawa mfupa ukarudi kupotea. Ili ufaidike ungetakiwa umeze miaka, na miaka ya dawa hizi ni vidonda vya tumbo, figo kuchoka, na hatari ya moyo kupanda. Mwongozo wa Ulaya nao umezikataa kwa matibabu ya fizi. Baada ya kukwanguliwa, siku moja mbili za maumivu, kunywa ukiruhusiwa. Kwa kuokoa mfupa, hapana.

Nipitie haraka na nyingine zilizojaribiwa kwa mlango huohuo wa kuutuliza mwili. Statini, zile za kolesteroli, zimewekwa kama jeli ndani ya mfuko. Omega 3 imepewa watu pamoja na aspirini. Zote Ulaya imesema bado, zisitumike. Bisfosfoneti, dawa za kuimarisha mifupa, zinawazuia wabomoaji wa mfupa moja kwa moja na kwenye karatasi zinavutia sana. Lakini tangu 2003 imejulikana kuwa zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa na kubaki wazi mdomoni, hasa baada ya kung'oa jino. Kama unatumia dawa ya mifupa, ya kidonge au ya sindano, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote. Usiiache mwenyewe, wewe mwambie tu.

---

Jino la Mwisho

Nakubali nilichanganya jipu na huu ugonjwa mwingine, mkuu. Sasa niulize kuhusu antibaotiki zenyewe. Hakuna kabisa mgonjwa wa fizi anayezihitaji?

---

Tabibu wa Kinywa

Wapo. Kuna vijana ambao ugonjwa unawavamia mapema na kwa kasi, mtu ana miaka ishirini na kitu na picha ya eksirei inaonyesha mfupa umekatika kama ngazi kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele. Kwa hao amoksisilini pamoja na metronidazoli, dozi kamili, ikianza pale kukwangua kunapokamilika, ina msaada unaoonekana. Mchanganyiko huo ulijulikana tangu 1989, hasa kwa bakteria mmoja sugu anayependa vijana. Ulaya wanasema isiwe desturi kwa kila mgonjwa, ifikiriwe kwa makundi kama hilo.

Mfamasia ataniongezea madhara.

---

Mfamasia wa Zamu

Moja tu, ndilo linaloniogopesha zaidi. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda akimeza metronidazoli, damu yake inakuwa nyepesi kupita kiasi. Nimeona mtu anatokwa damu puani haikatiki, chanzo ni vidonge vya fizi alivyopewa na jirani. Na mwenye mzio wa penisilini asiiguse amoksisilini.

---

Subira Njema

Na zile dawa za kusukutua? Mimi natumia ya klorheksidini mwezi wa tatu sasa. Damu imepungua lakini meno yamekuwa ya kahawia na ladha yote imepotea.

---

Tabibu wa Kinywa

Dada, pole, na pumzisha hiyo dawa. Klorheksidini ni nzuri sana, tangu 1970 inajulikana kwamba kusukutua kwa asilimia 0.2 mara mbili kwa siku kunazuia ukoga usijijenge. Ila ni ya muda mfupi: wiki mbili baada ya upasuaji, au fizi zinapouma mno kuguswa na mswaki. Ikirefuka inatia meno rangi hiyo uliyoiona na kuvuruga ladha. Rangi inasafishika, ladha itarudi, usiogope. Na mtu akiitumia asiifuatanishe na dawa ya meno ya kwenye mswaki, apishe kama nusu saa, maana povu la dawa ya meno linaipunguza nguvu.

Jambo kubwa zaidi: maji ya kusukutua hayashuki mfukoni. Yanaosha juu, na kwako panaonekana panapona juu huku chini pakiendelea. Ukitaka dawa ifike chini lazima iwekwe chini. Kuna kipande kidogo kama ukucha wa mtoto chenye miligramu 2.5 za klorheksidini, tunakichomeka ndani ya mfuko baada ya kukwangua, kinayeyuka chenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kuna chembechembe za minosaiklini, Arestin, na jeli ya doksisaiklini, nazo zinaingizwa hivyohivyo. Uzuri wake ni kwamba sehemu moja inapata dawa nyingi na mwili mzima unapata kidogo sana. Mimi naziona zina maana pale mifuko miwili mitatu imekataa kufunga baada ya mengine yote kupona. Mdomo mzima ukiwa na mifuko, kuchomeka kila mahali ni kukwepa kazi ya kukwangua.

---

Mama Wawili

Mimi tena. Baba yangu ni wa presha, anatumia amlodipini. Fizi zake zimeota zikafunika nusu ya meno ya mbele, haziumi. Nayo ni huo mchochota?

---

Tabibu wa Kinywa

Umeuliza kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, na ni upande wa pili wa mada yetu: dawa zinazozidisha ufizi. Ziko familia tatu. Fenitoini ya kifafa, ambayo karibu nusu ya watumiaji huota fizi. Saiklosporini wanayopewa waliopandikizwa kiungo. Na dawa za presha za kundi la nifedipini na amlodipini, ingawa amlodipini ni mara chache zaidi. Nyuzi za ufizi zinakuwa zinatengenezwa haraka kuliko zinavyoondolewa, kinyume kabisa cha yule mama wa bahasha.

Ukoga ukiwepo hali inazidi, na mara nyingi usafi wa kina peke yake unazirudisha sehemu kubwa. Mzee asiache kidonge cha presha hata siku moja kwa ajili ya fizi. Aende kwa daktari wake aulize kama kuna kundi jingine linalomfaa. Na kama ana kisukari, nijulishe.

---

Mama Wawili

Anacho. Miaka tisa.

---

Tabibu wa Kinywa

Basi fizi zake ni za kutazamwa mapema zaidi. Sukari ikiwa juu mchochota unakuwa mkali na nyama inapona polepole, na mchochota wenyewe unaifanya insulini isifanye kazi vizuri. Vinasukumana. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari kunaishusha HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi 3 hadi 4. Kwa watu wa kisukari hicho si kiasi cha kudharau, kuna kidonge cha kuongeza kinacholeta kiasi kama hicho. Mwambie daktari wake wa kisukari na daktari wa meno wapeane taarifa.

Kama anavuta sigara, aniambie pia. Sigara inaificha damu, ufizi unaonekana mkavu na mzima huku mfupa unakwenda, na karibu kila tiba niliyoitaja inafanya kazi pungufu kwa mvutaji.

---

Mfamasia wa Zamu

Kuna chochote kipya kinachokuja, daktari? Nilisoma juu juu kuhusu sindano ya fizi.

---

Tabibu wa Kinywa

Ipo, na inanipa matumaini. Inaitwa AMY-101. Inaziba protini moja ya kinga, C3, ambayo ni kama lango ambalo kengele nyingi za mchochota zinapitia. George Hajishengallis na John Lambris wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wameifanyia kazi miaka mingi. Jaribio dogo la watu wenye mchochota wa fizi lilichapishwa 2021: sindano ndani ya ufizi mara moja kwa wiki, wiki tatu, na mchochota ukabaki chini mpaka siku ya 90. Bado ni hatua za mwanzo, na waliopimwa walikuwa na mchochota wa juujuu, wa fizi.

Nyingine ni resolvini. Hizi mwili hutengeneza wenyewe kutokana na mafuta ya omega 3, na kazi yake ni kuvimaliza vita vikishapiganwa. Kwa sungura walioambukizwa ugonjwa wa fizi, kupakwa resolvini kulizuia ubomoaji, na hata mfupa uliopotea ukajijenga. Naupenda mtazamo wake. Tumezoea dawa zinazouziba mdomo mchochota, hii inaufundisha umalize kazi uondoke.

---

Tabibu wa Kinywa

MREJESHO, wiki ya kumi.

Kuna walioniuliza pembeni kuhusu yule mama wa bahasha. Tulimkwangua kwa vikao vinne, upande mmoja kila kikao, kwa ganzi. Nilimfundisha brashi ndogo za kupita kati ya meno, nikamshikisha kioo aone mwenyewe damu inatoka wapi. Metronidazoli alinikabidhi zote, sikumwandikia nyingine yoyote.

Leo nimempima upya. Mifuko mingi imefunga mpaka milimita 3 na 4. Damu nimeiona sehemu tano tu, mwanzo nilikuwa nimeacha kuhesabu. Lile gego lililokuwa na mfuko wa milimita 7 sasa ni 5, bado linacheza kidogo, na pembeni yake kuna njia panda, pale mizizi inapoachana, ambayo chuma changu hakiifikii vizuri. Nimemweleza kwamba hapo tuna mambo mawili: kuchomeka kile kipande cha klorheksidini tukasubiri miezi mitatu, au kuufungua ufizi tusafishe kwa macho. Kachagua kuufungua. Ameandikiwa Alhamisi.

---

Jino la Mwisho

Mkuu, nimepata miadi yangu ya kukwanguliwa Jumatatu. Nitauliza kile kipimo cha milimita waniandikie namba zangu.

---

Tabibu wa Kinywa

Omba waandike za kila jino, sehemu sita kulizunguka. Na ukirudi baada ya miezi mitatu uende na karatasi hiyohiyo.